Nini Kilitangulia

Swali la kwanza ninalomwuliza kila anayeniletea televisheni ni hili: nini kilitangulia? Picha ilipotea kwanza, au sauti? Harufu ya kuungua ilikuja kabla taa nyekundu haijazimika, au baada yake? Watu hawalipendi swali hili. Wanataka kusema "imekufa" na kwenda zao. Lakini mashine ikiharibika, dalili zake zote huwa mezani kwa pamoja, na kazi ya fundi ni kuzipanga foleni upya. Kilichofuata hakiwezi kuwa ndicho kilichosababisha kilichotangulia. Ukiwa na hakika ya jambo hilo moja, umeshajiepusha na nusu ya makosa.

Majibu yao huyaandika kwenye daftari. Nimefanya hivyo tangu nianze kazi, na madaftari yamejaa rafu mbili. Ndiyo maana hapa Kabiro, Kawangware, wananiita fundi mwenye kitabu. Daftari moja kati ya hayo lilinitenga na ndugu yangu, na ninaye ndugu mmoja tu. Kwa miaka sita sikujua kama ningeingia tena mlangoni mwake. Nataka kueleza ilivyokuwa, kwa mpangilio.

Nilikuja Nairobi nikiwa na miaka kumi na saba, baada ya masomo kunishinda katika kidato cha pili. Kaka yangu alikuwa mwashi. Alikuwa amepanga chumba kimoja Kisumu Ndogo, Kibera, pamoja na mkewe, ambaye alikuwa akiuza omena kwenye meza mbele ya mlango. Walinipa robo ya chumba hicho. Walitundika pazia la rangi ya kahawia lenye maua ya manjano, na nyuma yake wakaniwekea godoro. Jiko lao na sufuria zilikuwa upande wangu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuziweka.

Pazia ni kitambaa tu. Lakini shemeji yangu hakuwahi hata mara moja kulisogeza bila kubisha hodi. Alisimama hapo, sufuria mkononi, akasema, "Hodi, mwenye nyumba." Mimi, kijana wa kijijini asiye na kitu, nilijibu, "Karibu." Ndipo alipoingia kuchukua jiko lake mwenyewe. Mwanzoni nilidhani ananitania. Alikuwa akinitania kweli, lakini aliendelea kwa miaka minne, hata siku alizokuwa amechoka, na utani unaodumu hivyo huwa umeshageuka kuwa kitu kingine.

Nikajifunza ufundi, nikapata kibanda changu Sarang'ombe, si mbali nao. Jumapili baada ya kanisa nilikula kwao. Televisheni yao nilikuwa nikiitengeneza mimi.

Sasa lazima nieleze mila yetu. Kwetu, upande wa ziwa, mkubwa hutangulia. Mkubwa huoa kwanza, hujenga kwanza, na msimu wa kupanda ukifika, mbegu yake huingia ardhini kabla ya ya mdogo wake. Mdogo akimpita mkubwa, huja chira, yaani balaa inayomfuata aliyevuka mila, na balaa hiyo haichagui itamwangukia nani nyumbani. Hata sisi tunaokwenda kanisani kila Jumapili hatuipuuzi. Tunasema hatuiamini, kisha tunasubiri zamu zetu.

Kaka yangu alikuwa amejenga nyumba za watu nusu ya jiji hili, na nyumbani alikuwa hajajenga hata banda. Kila mwaka alisema, "Mwaka ujao." Nikasubiri. Wazazi wakafa, boma likaota magugu, nikaendelea kusubiri. Nilipofika miaka arobaini na mitatu, bila mke wala mtoto, nilianza kufikiria jambo ambalo mtu wa kwetu hawezi kuacha kulifikiria: mwanamume asiye na nyumba nyumbani kwao, akifa, jeneza lake litalala wapi usiku wa mwisho? Nikajenga. Vyumba viwili vya mabati. Sikumwambia kaka. Nilijiambia nitamwambia nyumba ikishaisha, ingawa ilikuwa wazi kwamba ikishaisha nitakuwa na woga zaidi.

Miezi minne baada ya kuezeka, shemeji alifariki. Yalikuwa ni mapafu.

Tulimzika nyumbani, hatua chache kutoka kwenye mabati yangu mapya yaliyokuwa yakimeta kwenye jua kama kitu kilichoibwa. Mjomba wetu mmoja alisimama mbele ya watu, akayaelekezea fimbo, akasema, "Mdogo amempita mkubwa. Mlitarajia nini?" Kaka yangu aliyatazama mabati, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo fundi wa aina yangu tu ndiye angeweza kulifanya. Nilirudi Nairobi, nikatafuta katika madaftari, nikapata ushahidi.

Nilimkuta kaka Kisumu Ndogo Jumamosi moja adhuhuri. Alikuwa amekaa nje ya mlango, kwenye kigoda ambacho shemeji alikuwa akikikalia akiuza omena. Meza ilikuwa tupu, lakini mbao zake zilikuwa bado na harufu. Sikumpa hata nafasi ya kunikaribisha. Nilifungua ukurasa niliokuwa nimeuwekea alama, nikamwonyesha kwa kidole.

"Soma hapa, kaka."

Alisoma polepole, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la tatu. "Televisheni ya kaka. Kapasita mbili zimevimba. Shemeji anakohoa tangu Krismasi."

"Sasa soma huku. Miezi mitatu baadaye."

"Nguzo ya kwanza imesimama."

"Umeona?" nikasema. "Ugonjwa ulitangulia. Nguzo ilikuja baada. Nyumba haiwezi kuwa ndiyo iliyomwua. Kitu kilichokuja baadaye hakiwezi kusababisha kilichokuwepo."

Nilikuwa sahihi. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu hata leo sijaona kosa katika hoja yenyewe.

Kaka alirudi kwenye ukurasa wa kwanza. Aliweka kidole chake kinene cha mwashi chini ya mstari ule.

"Kwa hivyo ulijua," akasema.

"Nilijua nini?"

"Ulimsikia akikohoa. Tangu Krismasi. Ukaandika. Mimi nilikuwa site kutoka asubuhi mpaka jioni, sikusikia, yeye alikuwa ananificha. Wewe ulisikia. Ulimwuliza?"

Nilinyoosha mkono nichukue daftari. Hakuliachia.

"Nakuuliza, omera, ndugu yangu. Ulimwuliza anaumwa wapi?"

"Nilikuwa natengeneza TV."

"Ukaandika, ukafungua ukurasa mwingine, ukaenda kujenga." Alifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, kama anayerudisha sahani kwa wenyewe. "Toka na kitabu chako."

Nilitoka. Mwezi huohuo nilihamisha kibanda kutoka Sarang'ombe mpaka Kabiro. Kwa mguu ni mwendo wa saa moja na kidogo. Sikuutembea kwa miaka sita.

Maisha ya mtu aliye peke yake ni rahisi kuyaeleza, kwa sababu yana vitu vichache. Nina kibanda chenye meza, na nyuma ya meza nina kitanda. Huamka, huchemsha chai ya kikombe kimoja, hufungua. Kwa siku mbili tatu naweza kuwa nimezungumza na watu thelathini na maneno yote yawe ya volti. Krismasi majirani wakienda kwao Machakos, Kakamega, Siaya, ploti hubaki kimya kiasi kwamba nasikia maji yakidondoka kwenye tangi la mwisho. Simu yangu ina namba ya kaka. Mara kadhaa niliitazama mpaka kioo kikazima chenyewe.

Nilisoma. Vitabu vya fizikia vya mitumba huwa havina wanunuzi wengi. Mtu akihama, huviacha, na muuzaji huvitupia juu ya rundo kama nyongeza ya bure. Nilianza na cha kidato cha tatu, pale nilipokuwa nimekatishwa, nikaenda mbele kwa zamu bila kuruka sura. Kitabu kimoja kilinichukua miaka miwili, kamusi ikiwa pembeni. Baadaye nikawa nasoma kwenye simu. Si kwamba nilitaka kuwa mtu fulani. Usiku ni mrefu, na sikupenda kukaa na mawazo yasiyo na mpangilio.

Mbele ya kibanda changu kuna mama kutoka Kitui anayepika githeri na muthokoi, vyakula vya mahindi na maharagwe. Yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa akiniuliza habari zangu, na aliniuliza kwa kelele, kutoka ng'ambo ya njia.

"Prof! Leo umeongea na mtu ama ni hizo waya tu?"

"Waya hazisemi uongo, mama."

"Ndiyo maana hazijaolewa!"

Siku moja nilimwita nimwonyeshe kitu. Ukibandua kioo cha televisheni iliyovunjika, ndani yake kuna plastiki nyembamba ya kijivu inayopitisha mwanga unaotikisika kuelekea upande mmoja tu. Nilikuwa nimekata vipande vitatu. Nikaweka kimoja juu ya kingine vikiwa vimepishana kama msalaba: giza tupu, hata jua halipiti. Nikachukua cha tatu, nikakiweka mshazari juu ya vyote viwili: bado giza. Nikakitoa, nikakiingiza katikati yao, mshazari vilevile. Mwanga ukapita.

"Ngai!" akasema. "Umeongeza kizuizi, na jua limeingia?"

"Vipande ni vilevile vitatu. Nimebadilisha tu nani anatangulia nani."

Alifikiria kidogo, mwiko mkononi. "Hiyo hata mimi naijua," akasema. "Tia chumvi kabla maharagwe hayajaiva, utayachemsha mpaka Yesu arudi. Tia yakishaiva, ni chakula. Chumvi ni ile ile, maharagwe ni yale yale." Akarudi kwenye sufuria zake, akiringa kidogo.

Sijasoma maelezo mazuri kuliko hayo. Kuna mambo ambayo ukiyafanya kwa mpangilio huu yanatoa jibu moja, na kwa mpangilio ule yanatoa jingine. Kwa hiyo mpangilio ni kitu halisi, kama chumvi yenyewe. Nililala na imani hiyo, na ilinifariji, kwa sababu mpangilio ndio uliokuwa shahidi wangu.

Halafu nikasoma kwamba kuna mahali ambapo mpangilio haupo.

Nitaeleza nilivyoelewa, na kama nimekosea, kosa ni langu. Wanachukua chembe moja ya mwanga. Wanaipeleka kwenye kioo kinachorudisha nusu ya mwanga na kupitisha nusu. Chembe moja haiwezi kugawanyika, lakini pia haichagui. Njia zote mbili hubaki wazi kwake. Katika njia ya kwanza itakutana na kifaa cha kwanza kisha cha pili, na kila kifaa kitaibadilisha kwa namna yake. Katika njia nyingine itakutana na cha pili kisha cha kwanza. Mwishoni njia hizo huunganishwa tena, kwa uangalifu mkubwa, kiasi kwamba hakuna kitu chochote kinachobaki na habari za njia iliyopitwa. Kisha wanapima. Matokeo hayalingani na chumvi kabla ya kuiva. Hayalingani na chumvi baada ya kuiva. Wala hayalingani na mpishi wa kubahatisha, anayetanguliza hili leo na lile kesho. Yanalingana tu na hali ambayo swali la kipi kilitangulia halina jibu. Jibu halijafichwa mahali. Halikuwekwa.

Wapo wataalamu wanaobishana juu ya maana yake. Hakuna kati yao anayesema kwamba matokeo yanaweza kurudi nyuma na kuitangulia sababu yake. Wanasema tu kwamba huko chini, kwenye vitu vidogo kabisa, foleni yenyewe inaweza kukosekana.

Nakiri kwamba nilipomaliza kusoma nilitoka nje na kusimama njiani bila sababu, asubuhi, watu wakinipita. Mama wa githeri akaita, "Prof, umepoteza nini?" Nikasema hakuna. Nilikuwa nimefikiria jambo la aibu: kama foleni inaweza kukosekana, basi labda nguzo yangu na kikohozi chake havikutangulia wala havikufuatana, na mimi sina la kujibu. Nilikuwa tena natafuta ukurasa wa kumwonyesha kaka yangu.

Ilinichukua wiki kadhaa za kusoma kwa utaratibu kuona kwa nini haiwezekani. Hali ile ina sharti kali. Kifaa kimojawapo kikiacha alama yoyote ya ni lini kilipitiwa, joto kidogo tu, chembe moja ya vumbi iliyosogea, basi hali inafutika na mpangilio unakuwa mmoja, kama kwenye sufuria ya githeri. Si lazima mtu aitazame alama hiyo. Inatosha kwamba ipo. Na sisi watu tumejaa alama. Tuna joto, tuna sauti, tunatoa vumbi kila tukitembea. Shemeji yangu alianza kukohoa kabla ya nguzo ya kwanza. Hilo lilikuwa kweli, ni kweli, na hakuna fizikia itakayoligeuza.

Lakini neno lile, alama, lilikataa kuniacha. Nilikuwa nimeacha alama mimi mwenyewe, kwa kalamu ya wino wa buluu, mstari mmoja chini ya kapasita. Nilimwandika shemeji yangu kama dalili ya chumba. Kwa miaka sita nilikuwa nimelinda jibu la swali ambalo mjomba wetu aliliuliza mazishini. Kaka yangu hakuniuliza kamwe nini kilitangulia. Aliniuliza kama nilimwuliza mkewe anaumwa wapi.

Nilikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu, na sikuwa nimefanya chochote juu yake, pikipiki ilipopaki mbele ya kibanda. Nyuma yake palikuwa na kitu kipana kilichofungwa kwa mpira.

"Niaje mzae," akasema mwenye boda. "We ndo yule fundi wa kitabu?"

"Ndiye."

"Nimetumwa na buda fulani wa Kisumu Ndogo. Amesema utengeneze hii."

"Nini kilitangulia?" nikauliza. "Picha au sauti?"

"Aah, mzae, mi si daktari. Nimepewa, nimeleta. Ameshanilipa." Alifungua mpira, akaniwekea mzigo mikononi, akaondoka.

Televisheni ilikuwa imefungwa ndani ya pazia. La kahawia, lenye maua ya manjano, yaliyokuwa yamefifia mpaka kuwa rangi ya uji. Nilikaa nalo mapajani kwa muda ambao sikuupima.

Kisha nikafanya kazi. Nilifungua mfuniko wa nyuma. Zile kapasita mbili zilikuwa bado mahali nilipozichomelea, wima na safi. Nilipima umeme unaoingia, nikapima unaotoka. Nilikagua taa za kioo moja baada ya nyingine. Nikaiwasha: picha ikaja, sauti ikaja, kwa pamoja. Nikaiacha ikiwaka mchana kutwa, kwa sababu kuna hitilafu zinazojitokeza mashine ikipata moto. Hakuna kilichojitokeza. Nikapima tena kila kitu tangu mwanzo.

Mama wa githeri alivuka njia kuja kutazama. "Hiyo si ni nzima?"

"Ni nzima."

"Sasa kwa nini mtu anatuma TV nzima kwa fundi?"

Alilitazama pazia nililokuwa nimelikunja mara nne na kuliweka juu ya kitanda, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alizungumza kwa sauti ya chini. "Prof," akasema, "funga kibanda kesho. Mimi nitawaambia wateja."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Niliifunga televisheni ndani ya pazia, nikaiweka begani, nikatembea. Daftari, ambalo kwa kawaida hukaa kwenye mfuko wa koti, nililiacha juu ya meza. Nilifika Kisumu Ndogo karibu na adhuhuri. Meza ya omena haikuwepo tena. Mahali pake jirani alikuwa ameanika masufuria. Mlango ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Ningeweza kuusukuma kwa goti.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Kila mtu ni mimi."

"Fundi wa TV."

Nilisikia kiti kikisogea.

"Ingia," akasema. "Vua viatu, nimepiga deki."

Alikuwa amezeeka zaidi ya miaka sita. Mikono ilikuwa bado ya mwashi, lakini alikuwa ameiweka magotini kama vifaa vya mtu mwingine. Chumba kilikuwa kilekile, kikubwa kuliko nilivyokumbuka kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukigawa. Niliiweka televisheni kwenye stuli yake, nikaiunganisha, nikaiwasha, nikashusha sauti. Tuliitazama wote wawili, tukiwa tumesimama.

"Ilikuwa na nini?" akauliza.

"Haikuwa na kitu."

"Ulifungua?"

"Nilifungua. Nimepima kila kitu. Mara mbili."

"Na hukuona?"

"Hakuna kitu, kaka."

"Fundi gani wewe," akasema, akakaa. Alitazama mfuko wa koti langu. "Kitabu?"

"Sijakuja nacho."

Akanionyesha kiti. Akamimina chai kutoka kwenye thermos, vikombe viwili, cha kwangu akakiweka mbali kidogo na mimi, mahali ambapo ningelazimika kuinuka na kukifuata. Nikainuka nikakifuata. Njiani kutoka Kabiro nilikuwa nimeandaa maneno mengi, kwa mpangilio mzuri, na la kwanza lilikuwa kwamba nitaibomoa nyumba ile. Nililisema hilo.

"Ubomoe ya nini?" akasema. "Mchwa wameshaanza. Waachie kazi yao."

Sikuweza kuendelea na maneno mengine. Nikasema lile lililokuwa limechelewa.

"Kaka. Shemeji alikuwa anaumwa wapi?"

Aliweka kikombe chake chini. Kisha akagusa ubavu wake wa kushoto, chini ya moyo. "Hapa," akasema. "Alisema kama mtu amemwekea tofali. Mimi mwashi, nikacheka, nikamwambia, nani amekujengea bila kuniambia? Nilifikiri ni uchovu wa kukaa kwenye kigoda." Na baada ya hapo alizungumza. Alinieleza jinsi shemeji alivyolala ameketi, jinsi alivyokataa omena, yeye aliyeishi kwa omena, akataka ndizi mbivu tu, jinsi alivyomfundisha kupika ugali akiwa kitandani, akimwelekeza kwa mkono: punguza moto, koroga, si hivyo. Mambo mengine aliyasema mara mbili, mengine aliyaanzia mwisho. Sikuyapanga.

"Habari za nyumba yako tulizisikia kwa mama mmoja wa kanisa aliyetoka nyumbani," akasema. "Mimi nilikasirika, nikapiga kelele hapa ndani. Yeye ameketi hapo ulipo. Akasema, 'Kumbe mwenye nyumba amepata nyumba.'"

Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Akacheka," akasema kaka. "Alicheka, akakohoa, akakohoa sana. Ama alikohoa kwanza, ndipo akacheka. Sikumbuki. Nilikuwa nimemshikia maji."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kuuliza. Ni mazoea ya karibu miaka thelathini. Nikaufunga. Kaka akanisukumia sukari, akaendelea kusimulia, na kwenye televisheni isiyo na sauti watu walikuwa wakikimbia mahali fulani.

Nilipoondoka jua lilikuwa limeelekea magharibi. Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba aseme. Alisema tu, "Pazia hilo beba, mimi sina wa kumgawia chumba." Nimelitundika kati ya meza na kitanda. Asubuhi nikitoka kitandani kwenda kazini hulisogeza na kupita. Hakuna wa upande wa pili. Siku za Jumamosi kibanda hufungwa, na wateja wanaokuja hujibiwa na mama wa githeri.